Postgres inakwama kila dakika 5, diski au setingi za Linux?

mpishi_wa_data: Wakuu, nina seva ya Linux yenye RAM GB 128, ina databesi ya PostgreSQL 13. Kweri (maombi ya data) zinajibu chapchap tu halafu ghafla kila dakika 5 hivi kila kitu kinaganda sekunde kadhaa, CPU imelala ila diski iko asilimia 100, baadae inaachia yenyewe. Ninunue diski mpya au kuna cha kuseti?

kerneli_tu: Usinunue kitu kwanza mkuu. Dakika 5 ndo checkpoint_timeout ya Postgres kama hujaigusa, yaani muda kati ya chekipointi moja na nyingine (chekipointi ni pale inapoandika diskini data iliyobadilika kwenye memori). Chekipointi ikianza inaandika, lakini data inatua kwanza kwenye kache ya kerneli (memori ambayo kiini cha Linux kinashikilia data kabla ya kuishusha diskini), na kerneli haijisumbui kuanza kuishusha mpaka ifike vm.dirty_background_ratio ambayo kawaida ni asilimia 10 ya memori, au data ikae sekunde 30. Asilimia 10 ya memori kubwa hivyo ni GB nyingi sana! Mwisho wa chekipointi Postgres inaita fsync (amri ya kulazimisha data ifike diskini), mzigo wote unatakiwa ushuke kwa mpigo, na kweri zako zinagombania diski hiyohiyo. Ukivuka vm.dirty_ratio, yaani asilimia 20, hata wanaoandika wanasimamishwa mpaka upungue.

Tumia baiti badala ya asilimia (hapa ni MB 256 na GB 1):

vm.dirty_background_bytes = 268435456
vm.dirty_bytes = 1073741824

Weka kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d kisha endesha amri sysctl --system. Ukiweka za baiti zile za asilimia zinakuwa 0 zenyewe, usishtuke.

bibi_wa_seva: Naunga mkono, ila pima kabla ya kugusa jamani. Angalia Dirty (data inayosubiri kuandikwa diskini) na Writeback (inayoandikwa muda huo) kwenye /proc/meminfo wakati inaganda, kama Dirty haipandi basi tatizo liko kwingine. Halafu usishushe mno, maana peji (kipande cha data) inayobadilika mara kwa mara itaandikwa diski tena na tena wakati ingeandikwa mara moja tu, ukapoteza spidi. Na kwa toleo la 13 checkpoint_completion_target (sehemu ya muda kati ya chekipointi inayotumika kuandika) ni 0.5, ipandishe 0.9 kazi isambae, toleo la 14 wameshaiweka hivyo.

mpishi_wa_data: Nimeangalia, Dirty inapanda mpaka GB 7 halafu inaporomoka palepale inapoganda. Kuna mtu kaniambia nizime fsync tu yaishe, vipi hiyo?

bibi_wa_seva: Usithubutu. Umeme ukikatika databesi inaweza kuharibika na kuirudisha ni bakapu tu. Anza na completion_target, pima, ndo uje kwenye za kerneli, moja moja ujue ipi imesaidia.