4G bado haijafika: nikague nini mapema?

Swali: Mnara wetu unatoa 3G tu. Wakuu, tukisubiri 4G, niandae nini kwenye simu na ruta?

Jibu: Anza na bendi, yaani masafa ya mawimbi ya redio ambayo simu inaweza kupokea. Vijijini mara nyingi huwashwa bendi 20 (800 MHz) au 28 (700 MHz), maana masafa ya chini hufika mbali. Simu isiyo na bendi hiyo itabaki 3G hata mnara ukiwashwa. Laini ya zamani sana nayo hukataa 4G, kaibadilishe mapema.

Jibu: 4G ikishawashwa, kwenye Android nyingi piga *#*#4636#*#*, soma RSRP (nguvu ya mawimbi ya 4G). Ikishuka chini ya −110 dBm, funga antena ya nje kwenye ruta, ielekee mnara. Kebo iwe fupi tafadhali! Mita 10 za kebo nyembamba humeza karibu faida yote.

Jibu: Na antena ya 1800 MHz pekee usiifunge kama mnara unatumia 800 MHz.