Naomba ushauri: ofisi ya wazi imenishinda
Assalaam alaykum. Mie mhasibu, ofisi yetu ipo Mwanakwerekwe. Tangu kuta zivunjwe tumekaa watu 12 ukumbi mmoja. Nikianza kulinganisha hesabu na taarifa ya benki, huyu anasikiliza ujumbe wa WhatsApp kwa sauti, yule anabishania Simba na Yanga, muuza kashata naye keshapiga hodi. Juzi tofauti ya shilingi 27,000 imenikalisha hadi magharibi. Kumbe 63,000 nimeiandika 36,000! (Tofauti ikigawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizogeuzwa, nilichoka hata hilo nikalisahau.) Hedifoni nilivaa, nikaambiwa najidai. Kuwahi asubuhi siwezi, nampeleka mtoto skuli. Jee, nimuombe mkuu wangu chumba cha mafaili saa mbili kwa siku, au ataona nawakimbia wenzangu? Mliopitia haya mlimwambiaje?