Tupeane uzoefu: wimbo wa Dokta Remmy ulikukuta wapi?

MSHUKA NJIANI
Wakuu, za jioni. Leo nilikuwa kwenye daladala la kupita Sinza. Konda akapaza sauti, "Kwa Remmy, wa kushuka Kwa Remmy!" Binti aliyekaa mbele yangu akamuuliza mwenzake, "Huyo Remmy ni nani, mwenye baa?" Mwenzake akamjibu kwamba ni jina la kituo tu.

Nikashuka. Kituo changu hakikuwa hicho, ila nilishindwa kuendelea kukaa. Dokta Remmy, yule mwanamuziki wa dansi, alikufa tarehe 13 Desemba 2010, mtaa huuhuu, na tayari amebaki kuwa mahali pa kushukia. Basi tupeane uzoefu. Wimbo gani wa Remmy Ongala ulikukuta, ukiwa wapi, ulikufanya nini? Mimi naanza na "Kipenda Roho". Niliusikia dirishani kwa jirani mwaka nilioachwa na mchumba, nikakaa nje kwenye ngazi hadi mbu wakanila.

MZEE WA RIDHIMU
Asante kwa kulianzisha hili, mdogo wangu. Mimi nilipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ndogo ambayo hamuijui, na Super Matimila, bendi ya Dokta, tulikuwa tunakwenda kuwatazama ili tuibe. Dokta alikuja Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Makassy walipohamia Nairobi yeye akabaki, akaingia Matimila. Huko ndiko alikogeuka Remmy tunayemjua.

Ninalotaka kusema ni la rekodi. Vijana mnasikiliza zile za Real World, kampuni ya rekodi ya Uingereza, "Songs for the Poor Man" ya 1989 na "Mambo" ya 1992, mnadhani ndiye huyo. Zile ni safi, kila chombo kimekaa peke yake kama sahani kabatini. Lakini mimi nawaambieni tafuteni zilizorekodiwa Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Bendi nzima inaingia chumbani, inapiga wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpiga tumba akikosea dakika ya saba, mnaanza upya wote. Ndiyo maana ukisikiliza vizuri unasikia watu wanaangaliana. Solo anangoja besi, besi anamngoja Dokta amalize kuzungumza.

KIPENDA ROHO
Umenena mzee. Shikamoo.

SANTURI
Mzee wangu, kwa heshima, hapo sikubaliani. Rekodi za Radio Tanzania tunazipenda kwa sababu tulikuwa vijana. Besi haisikiki! Miaka yote nilikuwa najua "Kipenda Roho" ni wimbo wa magitaa, nilipoipata ya 1989 ndipo nikajua besi inafanya kazi gani mle ndani. Na bila yule rafiki Mwingereza aliyeondoka na kaseti ya Matimila ikawafikia WOMAD, wale wa tamasha la muziki wa dunia, Dokta asingezunguka dunia. Tusiwalaumu waliomrekodi vizuri.

MZEE WA RIDHIMU
Sijamlaumu mtu. Nimesema zile zingine zina joto. Wewe hukuwepo ukumbini.

SANTURI
Nilikuwepo, mzee. Nilikuwa nasimama mlangoni kwa kuwa sina kiingilio.

MZEE WA RIDHIMU
Basi tumesikia muziki mmoja, mimi ndani wewe nje. Endelea kijana.

CHAKI NYEUPE
Mimi ni "Mambo kwa Soksi", ule wa kujikinga na ukimwi. Radio Tanzania hawakuupiga, kwa hiyo ulitembea kwa mikono. Kaseti inatolewa kopi, kopi inatolewa kopi, hadi ya kwetu ilikuwa na mvumo kama mvua ya bati. Tulikuwa bweni moja vijana kumi na wawili, tunasikiliza redio ikiwa chini ya blanketi. Mwalimu wa zamu akatukamata. Tulidhani tumekwisha. Akakaa kitandani kwa mmoja wetu, akasema, "Rudisha nyuma, nianze nao." Akausikiliza wote. Kisha akatuambia kwamba wimbo huo umemaliza somo alilokuwa analiogopa kulifundisha, akaondoka nao. Hakuturudishia kaseti, lakini wiki ile ile alisimama mbele ya darasa akatamka neno kondomu bila kuinamisha uso. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mtu mzima akilitamka.

MWANA WA KINDU
Ninyi mnamsema kama Mtanzania, ila msisahau ni wetu. Kazaliwa Kindu, Kongo, 1947, jina lake Ramazani. Gitaa lile ni la kwetu.

MSHUKA NJIANI
Hakuna anayebisha kazaliwa wapi, kaka. Lakini aliimba Kiswahili cha mtu anayepanga foleni ya sukari Dar es Salaam. Hilo hakulileta kutoka Kindu.

MWANA WA KINDU
Na Kindu hatusemi Kiswahili?

SANTURI
Mnasema, tena kizuri. Tumgawane. Kwenye "Muziki Asili Yake Wapi" alishawauliza wote swali hilo, na nyie bado mnagombania.

DADA MKUBWA
Nimesoma kimyakimya tangu juzi. Nilikuwa sitaki kuandika. Lakini huyu wa bwenini amenifungua.

Kaka yangu alikuwa utingo wa malori ya njia ya Tunduma. Mwaka 1993 alirudi nyumbani akiwa amekonda, mkanda wa suruali ameutoboa tundu mpya kwa msumari. Hakuna aliyetamka ugonjwa. Mama alisema ni malaria sugu, baba alisema amerogwa na wenzake wa kazi, hospitali walituandikia dawa za kifua na kuturudisha. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza, namwogesha, nalala chini karibu na kitanda chake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Alirudi na vitu vitatu safarini: koti, redio kaseti na kaseti moja ya Dokta Remmy. Kila jioni anataka wimbo mmoja tu, "Kifo". Wanaoujua wanajua Dokta anavyokabiliana na kifo mle, anakisemesha kama mdai aliyekuja mlangoni. Mama alikataza. Alisema unaita balaa ndani ya nyumba. Kwa hiyo tulikuwa tunasubiri mama aende ibada ya jioni, naiweka redio juu ya kifua chake, sauti ndogo. Alikuwa anasema anapenda kuisikia ikitetemesha mifupa.

Umeme hatukuwa nao. Betri zilikuwa nne, zile kubwa. Zikiisha nazianika juani juu ya bati, mchana kutwa, jioni zinatoa wimbo mmoja na nusu. Siku zikaenda, zinatoa wimbo mmoja. Zikafika mahali sauti inaanza kuvuta. Dokta anaimba kama mtu anayetembea kwenye tope, maneno yanarefuka, gitaa linalia kama filimbi ya chini. Nikamwambia kaka, kesho nitakopa betri mpya. Akasema, "Hapana. Acha hivyohivyo. Sasa hivi anaimba mwendo wangu."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwelewa. Alfajiri alikuwa ameondoka. Redio ilikuwa bado imebonyezwa, mkanda umesimama katikati kwa kukosa nguvu.

Miaka ishirini baadaye mwanangu akaniwekea "Kifo" kwenye simu. Rekodi safi. Nilimwambia azime, huyo siye. Alikuwa anaimba haraka mno. Mpaka leo sauti yenyewe ya wimbo ule siijui, naujua ule wa betri zilizokufa. Ile kaseti ninayo. Haijawahi kupigwa tena wala kurudishwa nyuma, mkanda umesimama palepale.

KIPENDA ROHO
Pole sana dada. Sina neno.

CHAKI NYEUPE
Dada Mkubwa, nimetoka nje nikarudi. Pole.

MWANA WA KINDU
Poleni sana. Niliyoandika juu ya Kindu niachieni, hayana maana leo.

MLOKOLE WA KWELI
Pole dada. Nilikuja kuandika juu ya miaka ya mwisho ya Dokta, alipoacha dansi akaimba injili. Wengi walisema amepotea. Mimi namwona alifika. Mtu aliyekisemesha kifo namna ile ilibidi siku moja ageuke amsemeshe mwenye majibu.

SANTURI
Hapo ndugu yangu nitabisha hata kwenye msiba. Alikuwa ameshahubiri miaka yote. "Sauti ya Mnyonge" ni mahubiri. Alipokwenda kanisani alipata raha yake, sawa, Mungu amjalie, lakini sisi wanyonge tulibaki bila msemaji.

MLOKOLE WA KWELI
Alikuwa mgonjwa, umri umekwenda. Ulitaka afie jukwaani ili wewe ufurahi?

SANTURI
Nilitaka aendelee kusema. Hicho tu. Nyimbo zake za injili nimezisikiliza, sauti ni ileile, imeshuka chini kidogo, na gitaa bado linacheza. Kinachonisumbua ni kwamba nilianza kuzisikiliza alipokwisha kufa. Akiwa hai nilisusa. Najuta.

MZEE WA RIDHIMU
Acheni hayo. Binti yangu Dada Mkubwa, hiyo kaseti iko wapi sasa hivi? Imekaa miaka thelathini bila kuzungushwa, mkanda unaweza kuwa umegandana. Usiitie kwenye redio yoyote, itamezwa.

FUNDI MIKANDA
Mzee yuko sahihi. Chukua kalamu ya biki, izungushe kwa mkono taratibu mpaka mwisho, halafu irudishe. Ndipo uipige. Hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, isafishwe kwanza kwa pamba na spiriti.

SANTURI
Asiizungushe! Si mmesikia imesimama pale kaka yake alipoishia?

FUNDI MIKANDA
Nimesikia, ndugu. Lakini ikibaki hivyo itaoza.

KIPENDA ROHO
Iwekwe kwenye mfuko na mchele, unanyonya unyevu.

FUNDI MIKANDA
Mchele una vumbi, utaharibu mkanda. Dada, usisikilize.

CHAKI NYEUPE
Mimi nasema aweke alama. Kipande kidogo cha karatasi ya gundi nje ya kaseti, kwenye kidirisha, kuonyesha magurudumu yalisimama wapi. Halafu fundi aizungushe.

MSHUKA NJIANI
Huo ndio ushauri. Au apige picha ya kidirisha kwa karibu, uonekane unene wa mkanda kila upande.

MLOKOLE WA KWELI
Au aiache. Si kila kitu lazima kipigwe.

DADA MKUBWA
Nashukuru wote. Nimeitoa kwenye sanduku nikaiweka mezani. Mkanda upande wa kushoto ni mnene, wa kulia mwembamba, kwa hiyo wimbo ulikuwa karibu na mwanzo wa kaseti. Sikuwahi kuangalia. Nilikuwa naamini ulikuwa unakaribia kwisha.

MZEE WA RIDHIMU
Kwa hiyo baada yake kuna nyimbo nyingine ambazo hakuzifikia. Unazijua ni zipi?

DADA MKUBWA
Sizijui, baba. Alikuwa anataka ule mmoja tu. Kwenye karatasi ameandika mwenyewe kwa penseli, imefutika, nasoma "Mnyonge" na chini yake neno linaloanza na N.

SANTURI
"Narudi Nyumbani".

MZEE WA RIDHIMU
Au "Nalilia Mwana". Mtu asimwambie kwa hakika. Fundi, wewe uko mji gani?

FUNDI MIKANDA
Dar, mzee. Dada, niandikie faragha. Sitaichukua, nitakuja na mashine nyumbani kwako, tufanye ukiwa umekaa hapohapo.

DADA MKUBWA
Njoo Jumapili mchana. Nitamwita na mwanangu.