Ushauri wa haraka: mdogo wangu ana kidole tumbo, afanyiwe ya matundu au achanwe kawaida?

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu, miaka 19, jana usiku tumbo lilimwanza kitovuni, tukadhani gesi. Asubuhi maumivu yamehamia chini kulia, anatembea ameinama, mkono hautoki kwenye nyonga. Hospitali ya rufaa hapa mkoani wamempiga ultrasaundi, ni kidole tumbo, dalili za kupasuka hawajaziona. Anaingia thieta leo usiku. Tumeambiwa tuchague, matundu madogo kwa kamera au kuchana. Ya matundu ina bei zaidi, na mjomba hataki hata kuisikia, anasema kwa vitundu hivyo wataacha uchafu ndani. Mama analia tu. Fomu ninayo mimi. Aliyepitia anisaidie.

Kijana wa Kitaa: Pole sana mkuu. Mimi nilifanyiwa ya matundu, matatu, la kitovuni siku hizi hata silioni. Siku ya pili nikaruhusiwa. Kilichonitisha ni bega, liliuma kuliko tumbo lenyewe. Kumbe ni ile gesi wanayojaza tumboni ili kamera ione, huisha baada ya siku chache. Mwambie kabla hajaingia.

Mama Wawili: Wa kwangu alichanwa hospitali ya wilaya, mashine haipo. Siku nne wodini, kidonda kikatoa usaha, tukakisafisha wiki mbili. Amepona vizuri. Kama hela ya matundu bado mnaitafuta, usimcheleweshe mtoto wa watu, achanwe.

Mdau Mpya: Sindano za antibayotiki peke yake hazitoshi?

Nesi wa Zamu: Wapo wanaopona kwa sindano. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2020 ulikuta karibu 3 kati ya 10 waliishia kupasuliwa ndani ya miezi mitatu.

Mleta uzi, mwambie mjomba kwa heshima kwamba kamera inaona tumbo pana kuliko mchano ule mdogo wa kulia. Kidonda cha kuchana ndicho huota usaha zaidi. Ila kidole kikiwa kimeshapasuka, jipu la ndani linaweza kutokea kwa njia zote mbili, na ya matundu haina nafuu hapo. Muulize daktari ameshafanya wangapi, na akikuta kumevurugika atafungua? Akijibu ndiyo, saini kwa amani. Kufungua katikati ya kazi si kushindwa. Na asile wala kunywa kitu, hata uji wa mama.

Mleta uzi (mrejesho): Asanteni sana. Nilimuuliza yote, akanijibu taratibu, mjomba akiwa pembeni anasikiliza. Nikasaini ya matundu. Ametoka saa sita usiku, kidole kilivimba na kuanza kuwa cheusi nchani, hakikupasuka. Asubuhi hii kaamka analia bega. Nilishamwambia, basi hakuogopa.

Nesi wa Zamu: Alhamdulillah. Mkiruhusiwa, homa au maumivu ya tumbo yakirudi ndani ya wiki mbili msikae na panadol nyumbani. Mrudisheni siku hiyohiyo.