Mtu akitupwa nje ya chombo angani anaganda papo hapo kweli? Na bandeji imehamaje mkono?

Kijana wa Uyole
Salaam wakuu, naomba tusaidiane maana hapa nyumbani tumebishana tangu jana mpaka mama katuzimia TV. Nilijaziwa flashi pale Mwanjelwa, kuna sizoni moja ya mambo ya anga imetafsiriwa, sasa episodi ya 4 jamaa anatupwa nje ya chombo bila suti, hujapepesa hata jicho kashakuwa barafu mwili mzima, wakamgonga kidogo akapasuka kama glasi. Mdogo wangu yupo fomu tuu kaamini kabisa, anasema angani ni baridi kuliko Kitulo mwezi wa saba kwahiyo lazima ugande. Mi roho inakataa ila kueleza kwanini ndo sijui.

Alafu kuna dada anaokota kimondo, chuma kitupu, ukubwa wa debe, anakata kipande na kisu cha mfukoni, kilichobaki anatumbukiza kwenye begi la mgongoni anaondoka zake, na hapo wapo duniani sio huko juu. La mwisho ndo limenikera kabisa, kapteni ana bandeji mkono wa kushoto, anafungua mlango, akitokea upande wa pili bandeji ipo kulia! Ni mtafsiri katuchanganya au wenyewe waliotengeneza? Nataka nimjibu dogo kitu cha uhakika, hawa watoto wakishaona hivi vitu wanaenda navyo mpaka kwenye mtihani.

Mwalimu Mafinga
Kamwene kaka. Dogo usimkatishe tamaa, kafikiria vizuri ila kasahau kitu kimoja, ili upoe lazima joto lako lipate pa kwenda. Kitulo kinachokutesa ni hewa, inakugusa, inachukua joto lako inaondoka nalo, inakuja nyingine. Angani hewa hakuna. Chukua ile chupa ya chai ya kioo, ina kuta mbili na katikati wamenyonya hewa yote, ndo maana chai ya alfajiri mchana bado inaunguza mdomo. Huyo jamaa aliyetupwa nje yupo kama hiyo chai. Joto litamtoka kwa njia ileile joto la jua linavyotufikia sisi, lakini taratibu, sio kufumba na kufumbua.

Kitakachomuua ni kukosa hewa na presha. Nyie wa Mbeya mnajua maharage yanavyosumbua kuiva kuliko kule Kyela, kwenu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi sababu mpo juu na hewa imepungua. Sasa endelea kupanda, ukifika kama kilomita 19 maji yanachemka kwa nyuzi 37, yaani joto la mwili wako mwenyewe. Miaka ya 1960 huko Houston, Marekani, fundi mmoja wa NASA, shirika lao la anga, alikuwa anajaribu suti ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, mpira wa hewa ukachomoka, akazimia ndani ya sekunde kama 14. Walimrudishia hewa haraka akapona, na kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate yanachemka juu ya ulimi. Hakuganda. Na kama humo ndani mlisikia milipuko nje ya chombo hilo nalo ni kosa, sauti haipiti pasipo na hewa.

Binti wa Vwawa
Mimi nimeng'ang'ana na hicho kisu. Njooni Mbozi mkione kimondo chetu, kina urefu wa mita 3 hivi, asilimia 90 ni chuma na karibu 9 ni nikeli. Mwaka 1930 watu wa jiolojia walikata kipande cha sentimita kama 10 tu kwa msumeno wa chuma wa kawaida, ikawachukua masaa 10! Tulipelekwa nikiwa shule ya msingi, nikaweka kiganja juu, kina vishimo vishimo kama mtu alibonyeza vidole kwenye udongo mbichi, sijasahau mpaka leo. Na huo uzito je? Debe ni lita 20, lita moja ya chuma inakaribia kilo 8, piga hesabu, inavuka kilo 150, begi gani hilo.

Fundi Video Makambako
Mtafsiri muacheni, yeye anaweka sauti tu picha hagusi. Muvi hazipigwi kwa mpangilio unaouona, nje ya mlango wanaweza kupiga leo, ndani wakapiga baada ya wiki tatu mji mwingine, kwahiyo kuna mtu kazi yake ni kuandika bandeji ipo wapi, nywele zimekaaje. Na bado vinapita, kwenye muvi ya anga ya Star Trek ya 1982 yule adui, Khan, anamtambua Chekov, mmoja wa watu wa chombo, kwa sura wakati kwenye sizoni yao ya TV, ile episodi ya 1967 waliyokutana na Khan, Chekov alikuwa hata hajaanza kuonekana.

Ila mkuu kabla hujawahukumu angalia kitu. Sisi wa kuediti saa nyingine tunageuza picha kama kwenye kioo ili mtu aangalie upande unaotakiwa. Tazama saa yake na maandishi ya kifuani.

Kijana wa Uyole
Aisee fundi! Nimerudia nikasimamisha picha, saa nayo imehama mkono na maandishi ya kifuani yapo kinyumenyume, nimeangalia mara mbili nzima sikuyaona.

Mwalimu, tulikuwa na chupa ya zamani, kile kinundu cha chini ya kioo kilivunjika hewa ikaingia. Jana saa mbili usiku tumejaza maji ya moto hiyo na ile nzima, dogo kaamka mwenyewe saa kumi na moja kuzifungua. Mbovu imepoa kabisa, nzima imetoa mvuke. Katulia kidogo alafu kaniuliza, sasa mwanaanga ndani ya suti si ataiva?

Mwalimu Mafinga
Angeiva kweli, mwambie ndo maana ndani ya suti wanavaa nguo yenye vijimirija vya maji, yanazunguka mwili mzima yanabeba joto kulitoa.