Tulipu zimegoma kutoa maua Dar, baridi inazisaidia nini?

MicheMbezi: Wakuu, habari za jioni. Nina kitalu cha miche kandokando ya barabara huku Mbezi. Kuna mama kaletewa vitunguu vya tulipu, yale maua ya nchi za baridi, na mdogo wake kutoka Uholanzi, akanipa nimwoteshee. Vimeota, majani yamesimama vizuri, lakini ua hakuna, na sasa majani yanaanza kuwa njano. Mama wa watu anapiga simu kila asubuhi. Samadi nimeweka, kivuli kipo. Kinachonishangaza, mmea uliozoea kuteseka na barafu ukiletwa kwenye joto si ndio ungestawi? Ulianzaje hata kuidai hiyo baridi?

TichaBios: Mkuu, asili ya tulipu ni milima na nyika za Asia ya Kati, Waholanzi nao waliletewa tu. Kule katikati ya majira ya baridi huweza kutokea siku mbili tatu za joto. Tulipu yenye pupa ikichanua hapo, theluji inarudi na kuunguza ua kabla ya mbegu, na ukoo wake unaishia hapo. Zilizosubiri ndizo zilizozaa. Kwa hiyo ua hujiunda mapema ndani ya kitunguu, lakini bua halirefuki mpaka kipite kwenye baridi ya wiki 12 hadi 16, nyuzi 9 kushuka chini. Dar hata Julai usiku hufiki huko. Pareto nayo inataka ubaridi ili itoe maua, ndiyo maana inalimwa Mbeya na Iringa, si Kibaha.

MpagaziMstaafu: Mimi nilibeba mizigo Kilimanjaro kabla ya kuhamia Temeke. Juu ya mita 4,000 baridi haingoji mwezi fulani, huja kila usiku: mchana jua linakuchoma shingo, usiku maji ya kwenye dumu yanaganda. Lobelia, mmea mmoja wa kule, hukinga maji katikati ya majani yake. Alfajiri ukiyagusa maji hayo unakuta utando wa barafu juu, chini bado maji, na chipukizi salama ndani. Senesio, mmea mwingine wa kule, yeye hayaangushi majani yaliyokufa, anayavaa shinani kama koti.

MicheMbezi: Shikamoo mzee. Ina maana baridi ndiyo iliyoifundisha mimea hiyo?

TichaBios: Si mara zote. Maji yakiganda ndani ya mmea, hewa iliyomo hujitenga. Barafu ikiyeyuka mapovu yanaziba mirija ya kupitisha maji, hasa ile mipana. Mwaka 2014 mtafiti wa mimea Amy Zanne na wenzake walichapisha utafiti wa ukoo wa aina za mimea zaidi ya 32,000. Waliona kwamba miti mingi ilikuwa na mirija myembamba, na mimea mingine ilishageuka kuwa mimea laini isiyo na mti, inayokufa juu na kubaki hai ardhini, kabla ya kukutana na barafu. Yaani mimea ilikwenda kwenye baridi na vifaa mkononi. Kupukutisha majani ndiko kulikokuja zaidi baada ya kuonja baridi.

MicheMbezi: Nimekupata. Friji ya soda dukani kwa shemeji inafaa?

TichaBios: Inafaa, ila kwa vitunguu vipya vikavu. Hivyo vya sasa acha majani yakauke yenyewe. Usiweke kwenye friza, na shemeji asichanganye na ndizi wala maembe: tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, inaua ua likiwa bado ndani ya kitunguu.