Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kusomea vinasaba vya kale

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu kamaliza digrii ya baiolojia hapa UDOM. Wenzake wanahangaikia ajira za ualimu na maabara za hospitali, yeye kang'ang'ania kusoma vinasaba vya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita! Mjomba kashasema hiyo ni kazi ya kufukua makaburi.

Anayemtia wazimu ni Svante Pääbo, yule Mswidi aliyepata Nobeli mwaka 2022. Jamaa huyo alijaribu kutoa vinasaba kwenye maiti kavu za Misri akiwa bado anasomea PhD pale Uppsala, na mwaka 2010 timu yake ikatoa rasimu ya jenomu (vinasaba vyote kwa ujumla) ya Neanderthal, wale binadamu wa kale waliotoweka.

Nilimwambia hayo ni mambo ya Ulaya kwenye baridi, huku joto linaharibu vinasaba haraka. Akanijibu kwamba mwaka 2022 watafiti walichapisha vinasaba kutoka mifupa ya Kisese, hapo Kondoa tu! Kumbe kipande kigumu cha mfupa kinachozunguka sikio la ndani huvihifadhi kuliko mifupa mingine.

Sasa wakuu, uzamili aanzie wapi: akiolojia pale UDSM, au kwanza ajifunze uchambuzi wa data za jenetiki kwa kompyuta? Maana nasikia kazi kubwa iko kwenye kompyuta, siyo kwenye kuchimba. Na ufadhili wa nje anaombaje bila kuwa na andiko hata moja lililochapishwa? Ada ya kujilipia hatuna. Waliopita njia hii, hata PM njooni.